Baba Aliyemficha Mtoto Wake: Sinema Moja na Historia Yake

Jumapili moja jioni, baada ya Vesperi, tuliwaonyesha wanafunzi wa seminari sinema ya Kitaliani iitwayo La vita è bella, maana yake "Maisha ni mazuri". Mtungaji wake ni Roberto Benigni, naye ndiye aliyecheza nafasi ya baba. Ilitoka mwaka 1997. Nusu ya kwanza wanafunzi walicheka hata viti vikalia. Nusu ya pili hakuna aliyecheka, ingawa Benigni aliendelea kuchekesha. Taa zilipowashwa, maswali mawili yakanijia. Mmoja wa filozofia aliuliza: "Padri, mambo haya yalitokea kweli?" Mmoja wa teolojia, ambaye wiki ile alikuwa anajifunza sura ya uongo katika Mtakatifu Tomaso, aliuliza: "Baba yule amesema uongo toka mwanzo hata mwisho. Tuseme nini juu yake?" Kengele ya ukimya ilikuwa imekwisha kulia, nami nikawajibu kwa maneno machache yasiyotosha. Haya ndiyo maneno yaliyobaki.

Kwa wasiopata kuiona sinema hiyo, nitaieleza kifupi. Guido ni Myuda, mtu wa mzaha, mtumishi wa hoteli katika mji wa Arezzo mwaka 1939. Anampenda Dora, mwalimu wa shule, binti wa jamaa tajiri isiyo ya Wayuda. Wanaoana, wanamzaa Giosuè, yaani Yoshua. Siku moja mtoto asoma katika dirisha la duka kwamba Wayuda na mbwa hawaruhusiwi kuingia. Auliza sababu. Baba amjibu kwamba kila mwenye duka hukataza asichokipenda, na kwamba kesho nao wataandika dukani kwao wanyama na watu wasiowapenda. Kisha askari wanakuja, siku ileile ya kuzaliwa kwa mtoto. Baba na mtoto wanapandishwa gari la moshi. Dora, ambaye jina lake halimo katika orodha, adai apandishwe naye pia.

Kambini baba amwambia mtoto kwamba haya yote ni mchezo. Atakayepata alama 1,000 kwanza atapewa kifaru cha vita, kifaru cha kweli. Anayelia apoteza alama. Anayemtaka mama yake apoteza alama. Anayeomba chakula apoteza alama. Askari wa Kidachi aingia kutangaza masharti ya kambi, na Guido, asiyejua hata neno moja la Kidachi, ajitoa kuwa mkalimani na kutangaza masharti ya mchezo wake. Usiku wa mwisho akamatwa. Apitishwa mbele ya kisanduku cha chuma alimojificha mtoto, naye atembea kwa kuwaigiza askari ili mtoto acheke. Nyuma ya ukuta twasikia risasi. Asubuhi kifaru cha Wamarekani chaingia kambini, na mtoto aamini kwamba ameshinda.

Sinema hii ilipewa tuzo kubwa ya pili huko Cannes mwaka 1998, na mwaka 1999 ikapata tuzo tatu za Oscar. Lakini wengine waliichukia. Walisema: mtu anawezaje kufanya mzaha juu ya Auschwitz? Mashtaka yao si ya bure, na nitayarudia. Ila ni haki kumsikiliza kwanza mshtakiwa. Sinema yenyewe, katika maneno yake ya kwanza, yajiita ngano. Tena Benigni hakuokota jambo hili barabarani. Baba yake, Luigi, alikuwa askari wa Italia. Italia ilipoacha vita mwezi wa Septemba 1943, Wadachi waliwashika askari wa Italia zaidi ya 600,000 na kuwapeleka kufanya kazi ya kulazimishwa. Luigi alikuwa mmoja wao. Aliporudi nyumbani, aliwasimulia watoto wake mateso yale kwa namna nyepesi, akiwachekesha, ili wasiogope. Basi baba aliyeficha kifo nyuma ya kicheko alikuwako kwanza katika nyumba ya Benigni mwenyewe, ila hakuwa Myuda.

Sasa historia. Wengi hufikiri kwamba mambo haya yaliletwa Italia na Wadachi. Sivyo. Mwezi wa Julai 1938, miaka miwili kabla Italia haijaingia vitani, wataalamu wa serikali ya Mussolini walitangaza kwamba Wayuda si wa taifa la Italia. Tarehe 5 Septemba 1938 ilitoka sheria ya kuwafukuza walimu na wanafunzi Wayuda katika shule zote za serikali. Tarehe 17 Novemba ikatoka nyingine, iliyokataza ndoa kati ya Wataliani wa "damu safi" na Wayuda. (Hapa mwalimu wa historia aweza kumkamata Benigni: kama hadithi yaanza mwaka 1939, ndoa ya Guido na Dora haikuweza kuandikwa mbele ya serikali.) Wayuda wa Italia walikuwa 47,000 hivi, pamoja na wageni 10,000 hivi: watu wachache kabisa katika nchi ya watu zaidi ya milioni 40. Walikuwa madaktari, wachuuzi, maofisa wa jeshi, tena wengine walikuwa wafuasi wa Mussolini mwenyewe.

Na Eklezya? Tuseme kweli, kwani jarida la mapadri lisiposema kweli nani ataisema. Tarehe 6 Septemba 1938 Papa Pio XI, mzee na mgonjwa, aliwapokea mahujaji Wabelgiji. Alipokuwa akisoma maneno ya Misa juu ya sadaka ya Abrahamu, alitokwa na machozi, akasema kwamba chuki juu ya Wayuda haiwezi kushirikiana na imani yetu, kwa kuwa sisi nasi kwa roho ni uzao wa Abrahamu. Maneno hayo yaliufikia ulimwengu kwa njia ya Wabelgiji wale. Gazeti la Vatikani lilipotoa habari za siku ile liliyaacha. Juu ya sheria ya ndoa, Vatikani ilipinga rasmi, kwa sababu ilivunja mapatano ya mwaka 1929. Lakini watoto waliofukuzwa shuleni hawakuwamo katika mapatano yoyote. Katika madarasa ya Italia, mwezi wa Oktoba 1938, viti vilikuwa vitupu, na walimu wengi, wakatolika wazuri, waliita majina kama kawaida wakiruka yale yaliyofutwa.

Nataka tumfuate mtoto mmoja wa viti hivyo, kwa sababu habari yake inatugusa sisi wa Kongo kuliko tunavyofikiri.

Katika bahari, karibu na Uturuki, kuna kisiwa kiitwacho Rhodes. Tangu mwaka 1912 kilikuwa mikononi mwa Italia. Wayuda wake walikuwa wazao wa wale waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492, nao baada ya miaka 400 walikuwa bado wakisema nyumbani Kispanyola chao cha kale. Kisiwa kilikuwa maskini. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini vijana wake walitoka kutafuta maisha, na wengi wao wakaja Katanga. Wazee wa Elisabethville waliwafahamu madukani. Sinagoga yao, iliyojengwa kati ya 1929 na 1930, yasimama Lubumbashi hata leo, na Rabbi Moïse Lévy, aliyefika mwaka 1937, aliwaongoza kwa zaidi ya miaka 50. Sheria za mwaka 1938 zilipotoka, wengine tena waliondoka Rhodes kuwafuata ndugu zao Afrika. Waliosalia ni wale waliokosa nauli, au waliokuwa na wazee wa kutunza, au waliofikiri kwamba kisiwa kidogo kitasahauliwa.

Sami Modiano alizaliwa huko Rhodes mwaka 1930. Alikuwa na miaka minane, katika darasa la tatu, mwalimu alipomwita mbele. Mtoto alifikiri ataulizwa somo. Aliambiwa kwamba amefukuzwa shule. Alikwenda nyumbani akilia kumwuliza baba yake, Giacobbe, alikosa nini. Baba hakutunga mchezo. Alimweleza, kwa kadiri ya akili ya mtoto, kwamba hakukosa kitu, ila sheria imetoka na wao ni Wayuda. Linganisheni na lile dirisha la duka katika sinema. Mtoto auliza swali moja, na baba wawili, mmoja wa ngano na mmoja wa historia, wajibu mbalimbali. Mimi sithubutu kusema nani alijibu vizuri zaidi. Guido alikuwa na mtoto wa miaka minne au mitano, na Giacobbe alikuwa na mwana aliyejua kusoma gazeti.

Baada ya Septemba 1943 Wadachi walishika Italia ya kaskazini na ya kati, na visiwa pamoja. Huko Roma mkubwa wa polisi yao aliwaambia Wayuda watoe kilo 50 za dhahabu, nao watasalimika. Walitoa. Tarehe 16 Oktoba 1943 askari walizunguka nyumba zao alfajiri, mvua ikinyesha, wakakamata watu 1,259. Zaidi ya 1,000 walipelekwa Auschwitz, walirudi 16. Kati ya watoto zaidi ya 200 hakurudi hata mmoja.

Rhodes ilingoja hata Julai 1944. Tarehe 18 wanaume wote waliitwa waje na vyeti vyao vya kazi, na kila mtu akaelewa kwamba wanatafutwa wafanyakazi. Walipokwisha kuingia ndani, wake na watoto wakaamriwa waje nao, wakichukua chakula, nguo na vitu vya thamani. Wasipokuja, waume zao watauawa. Wakaja wenyewe kwa miguu, wamebeba pete na vikuku vyao. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Mwenye kusoma historia hii kwa makini ataona kwamba kila hatua ya njia ya Auschwitz ilisakafiwa kwa uongo. Dhahabu itawaokoa: uongo. Mnakwenda kazini: uongo. Chukueni nguo za baridi: uongo. Na mlangoni pa chumba cha gesi waliambiwa kwamba ni mahali pa kuoga. Wauaji hawakusema uongo kwa kujifurahisha. Waliuhitaji kama vile walivyohitaji magari ya moshi, kwa kuwa mama anayejua kweli hapandi garini kwa utulivu akiwa na mtoto mgongoni.

Tarehe 23 Julai 1944 watu wapatao 1,700 walipakiwa katika mashua za mizigo. Walifika Auschwitz tarehe 16 Agosti, karibu mwezi mzima njiani. Hakuna Wayuda wengi waliotoka mbali kuliko hao. Waliorudi kuwa hai ni 150 hivi.

Wakati wa kuwatenga wanaume na wanawake, Giacobbe Modiano alimkumbatia binti yake mkubwa, Lucia, asimwachie. Askari walimpiga hata mikono ikalegea. Yeye na Sami, aliyekuwa ametimiza miaka 14 njiani au karibu yake, walipelekwa upande wa kazi. Hapa ndipo mashtaka ya wale walioichukia sinema yanapata nguvu. Sami alipona siku ile kwa sababu alionekana kijana. Mtoto wa miaka mitano kama Giosuè hakupewa nafasi ya kujificha katika nyumba ya wanaume. Alipelekwa gesini siku ileile, pamoja na mama au bibi aliyemshika mkono. Watoto na vijana 232,000 hivi waliingizwa Auschwitz, karibu wote Wayuda. Askari wa Urusi walipofika tarehe 27 Januari 1945, waliwakuta hai 700 hivi.

Kwa muda fulani Sami alimwona dada yake ng'ambo ya waya, nywele zimekatwa, mwili umekwisha. Siku moja alificha kipande chake cha mkate, akakifunga na kumrushia. Lucia naye siku ile alikuwa amemletea chake. Akavifunga vyote viwili pamoja, akamrudishia. Kisha siku moja hakuonekana tena. Baba aliposikia, nguvu zilimwisha. Alimwambia mwanawe kwamba atakwenda kujitoa kwa waganga wa kambi, na wote wawili walijua nini huwapata wanaokwenda huko. Aliweka mkono juu ya kichwa cha Sami, akambariki kama mababu wa Agano la Kale walivyowabariki wana wao, akamwagiza ashike moyo, aishi. Hakumficha kitu. Mtoto wa sinema abaki na mchezo; mtoto wa historia alibaki na baraka.

Nilisema wauaji waliuhitaji uongo. Kuna habari moja ambayo kila mara naiona ngumu kusoma mpaka mwisho. Mwezi wa Machi 1944, katika mji wa Fiume, walikamatwa Tatiana Bucci wa miaka sita, mdogo wake Andra wa miaka minne, na ndugu yao Sergio De Simone wa miaka sita, pamoja na mama zao. Baba wa mabinti hao alikuwa mkatolika. Kwa sababu isiyojulikana vizuri, labda wakidhaniwa mapacha, watoto hao hawakupelekwa gesini bali katika nyumba ya watoto. Mama wa mabinti, alipoweza kuponyoka, alikuja kuwaona, na kila mara aliwarudisha kwenye jambo moja: wayashike majina yao, jina na ubini. Mwanamke mfungwa aliyelinda nyumba ile, mkali kwa wengine, aliwapenda wale mabinti. Siku moja mwezi wa Novemba aliwaonya: watakuja watu watakaouliza nani anataka kumwona mama yake, msisogee. Mabinti walimwambia Sergio. Watu walikuja, wakauliza. Sergio alisogea mbele.

Walichukuliwa watoto 20. Mganga mmoja wa kambi ya Neuengamme aliwatia wadudu wa kifua kikuu ili aone itakuwaje. Tarehe 20 Aprili 1945, vita ikiwa karibu kuisha, waliuawa usiku katika jengo la shule huko Hamburg. Andra na Tatiana walipona. Wazazi wao waliwapata tena mwezi wa Desemba 1946, kwa kuwa walikuwa wamekumbuka majina yao.

Angalieni: katika sinema, mtoto anayemtaka mama yake apoteza alama. Sijui kama Benigni alimfikiri Sergio alipotunga sharti hilo. Lakini tangu nilipoijua habari ya Sergio siwezi tena kulisikia sharti lile kama mzaha. Baba anamfundisha mtoto kukataa uongo mkubwa kwa msaada wa uongo mdogo.

Je, hakuna hata baba mmoja wa kweli aliyemficha mtoto kambini na kumpokea akiwa hai? Yuko. Zacharias Zweig, wakili Myuda wa Kraków, aliingia kambi ya Buchenwald mwezi wa Agosti 1944 pamoja na mwanawe Stefan wa miaka mitatu. Mke wake na binti yao waliuawa Auschwitz. Wafungwa, hasa wakomunisti wa Kidachi, walimficha mtoto yule toka mahali hata mahali, na tarehe 11 Aprili 1945 Wamarekani walipofika alikuwa hai, yeye na baba yake. Bruno Apitz, aliyekuwa mfungwa huko, aliandika juu yake hadithi iliyotoka mwaka 1958, na sinema ikafuata mwaka 1963. Ajabu ni kwamba ile hadithi ilimfuta baba. Mtoto analetwa kambini na mtu mwingine katika sanduku. Ilikuwa lazima sifa yote iwe ya chama. Zweig aliandika ushuhuda wake mwenyewe ili arudi mahali pake.

Na historia haikuishia hapo. Tarehe 25 Septemba 1944 iliandikwa orodha ya watoto na vijana 200 watakaopelekwa Auschwitz. Jina la Stefan lilikuwamo, likafutwa pamoja na mengine kadhaa. Mahali pao yaliandikwa majina mengine, kwa maana hesabu ilipaswa kutimia. Mmoja wa walioandikwa ni Willy Blum, kijana wa miaka 16 wa kabila la Wasinti, watu waliowindwa kama Wayuda. Mdogo wake Rudolf alikuwa katika orodha, naye hakukubali kumwacha aende peke yake. Katika ngano, ushindi wa mtoto mmoja haumgharimu mtoto mwingine. Sisi twajua gharama, tena twalijua jina.

Nalirudia swali la mwanateolojia wetu. Mtakatifu Agostino aliandika kitabu juu ya uongo karibu na mwaka 395, na humo alimweka mbele yetu askofu mmoja Mwafrika, Firmus wa Thagaste, mji wake mwenyewe. Firmus alimficha mtu nyumbani mwake. Watumishi wa kaisari walipomwuliza, alijibu kwamba hawezi kusema uongo na hawezi kumtoa mtu. Walimtesa, hakubadilika. Mwishowe kaisari alimstaajabia, akamsamehe yule aliyefichwa. Mtakatifu Tomaso amfuata Agostino: uongo ni kosa daima, lakini ule unaosemwa kwa kumsaidia mtu una hatia ndogo kuliko ule wa kumdhuru, na mtu aweza kuificha kweli kwa busara. Wote wawili wanawakumbuka wakunga wa Misri, waliomdanganya Farao ili watoto wa Waebrania waishi, na Mungu akawatendea mema.

Nawaheshimu walimu hao wawili. Lakini namna ya Firmus ilihitaji kaisari mwenye uwezo wa kustaajabu. Mwaka 1944 kaisari wa namna hiyo hakuwako Berlin. Selahattin Ülkümen, konsuli wa Uturuki huko Rhodes, mwislamu, aliwaendea Wadachi kudai Wayuda waliokuwa raia wa Uturuki. Walikuwa wachache. Ndipo akasema kwamba kwa sheria ya Uturuki mume au mke wa raia ni raia pia. Sheria hiyo haikuwako, aliitunga palepale. Zaidi ya watu 40 walitoka. Huko Assisi, Askofu Giuseppe Placido Nicolini aliwaagiza mapadri na watawa wawapokee Wayuda. Padri Aldo Brunacci na Padri Rufino Niccacci waliwaficha katika konventi, na mchapaji mmoja, Luigi Brizi, pamoja na mwanawe Trento, alichapa vyeti vyenye majina ya uongo. Watu 300 hivi waliokolewa. Sijasikia bado kwamba askofu yule alimwomba yeyote aungame vyeti vile.

Tena mchezo wa Guido, kwa maoni yangu, si uongo ule Tomaso aliouhukumu. Baba hamwibii mtoto kweli aliyoihitaji. Amjengea nyumba ndogo ya maneno mahali ambapo kila neno lingine lilikuwa la wauaji. Ndugu walimu wa moral waweza kunisahihisha katika toleo lijalo, nitafurahi.

Benigni amekosea mengi. Kambi yake ni safi mno, na askari wake ni wajinga mno, hali wale wa kweli walikuwa waangalifu kama makarani wa benki. Nawashauri makatekista watakaoionyesha katika parokia wasiionyeshe peke yake, bali wawasimulie watu na habari ya Sergio na ya Lucia, kabla au baada. Mwaka 1999 Papa Yoane Paulo II, aliyekuwa kijana karibu na Auschwitz, aliitazama pamoja na Benigni. Miaka 40 kabla, mwaka 1959, Yoane XXIII alikuwa amelifuta lile neno baya juu ya Wayuda katika sala ya Ijumaa Kuu, sala ambayo mapadri wa Arezzo na wa Rhodes waliisoma bado mwaka 1944.

Sami Modiano alibaki peke yake. Mwezi wa Januari 1945, Wadachi walipowatoa wafungwa kwa miguu katika theluji, alianguka, na wafungwa wawili asiowajua wakamwacha kando, kati ya maiti. Warusi walimkuta akipumua. Hakuwa na nyumba ya kurudia, kwa kuwa Wayuda wa Rhodes hawakuwako tena, ila wale waliotangulia kuondoka. Akawafuata. Akaja Kongo, nchi yetu, akafanya kazi huku kwa miaka mingi, akaoa. Waliomwona sokoni au ofisini hawakujua chochote, naye hakusema. Aliona haya kwamba yeye aliishi na Lucia hakuishi. Alirudi Auschwitz mara ya kwanza mwaka 2005, alipokuwa na miaka 75, pamoja na wanafunzi wa Roma, na tangu siku ile akaanza kusimulia. Aliwaonyesha alama iliyochorwa mkononi mwake, B7456. Ya baba yake ilikuwa B7455. Katika mstari siku ile, Giacobbe alikuwa amesimama mbele.